Jumamosi ya Kufidia

Luoyang, China, Jumapili 28 Aprili 2024

Manang Merlinda,

Nakusalimu wewe, dada yangu, halafu mchumba wako Ambo, halafu jogoo wa jirani ambaye namsikia kila tukipigiana simu. Bado hawajamchinja tu? Mimi mzima. Mafua yalinitoka Jumatano, lakini nilikuwa nimeshawagawia watoto ishirini na sita, na juzi wamenirudishia. Ndiyo kazi ya chekechea.

Najua umekasirika kwamba leo sikupiga simu saa nne. Mwanangu Kring-kring alikaa na gauni lake la kanisani mbele ya simu mpaka saa ngapi? Basi, usiniambie. Leo ni Jumapili kwako, kwa padri na kwa Mungu. Hapa ni Alhamisi. Wametupa siku tano za sikukuu ya wafanyakazi, watu wakashangilia, halafu wakachukua Jumapili hii na Jumamosi ya tarehe kumi na moja tufanye kazi kufidia. Hebu hesabu na mimi. Katika hizo tano, mbili ni Jumamosi na Jumapili, zilikuwa zangu tangu kuumbwa kwa dunia. Mbili nazirudisha. Zawadi ni moja, na hiyo moja nitaimaliza nimelala.

Nikamwendea Bi Qiao, yule dada wa ofisini anayeshughulika na sisi walimu wa kigeni. Nikamwambia, "Mkataba wangu unasema Jumapili sifanyi kazi." Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu Jo, leo si Jumapili. Leo ni Alhamisi. Tazama ratiba." Nikatoka nje. Kweli, watoto wote wamevaa viatu vya mazoezi, maana Alhamisi ndiyo siku ya mazoezi. Jikoni wamepika supu ya Alhamisi. Shule nzima, mtu wa Jumapili nilikuwa mimi peke yangu.

Haya mengine naandika kwenye karatasi kama tulivyokubaliana, kwa sababu Kring siku hizi anasoma kila kitu na simu yako ameifanya yake. Juzi alinisomea kwa sauti ujumbe wa kampuni ya umeme, mpaka tarehe ya kukatiwa.

Harusi yako iweke Jumatatu, tarehe thelathini Septemba. Nimekaa na kalenda ya duka la tambi nikapiga hesabu. Sikukuu yao kubwa ni tarehe moja mpaka saba Oktoba. Kabla yake kuna Jumamosi na Jumapili. Nikiomba ruhusa ya Jumatatu moja tu, napata siku kumi. Nafika Jumapili, Jumatatu nasimama kanisani nyuma yako nashika maua. Mwaka Mpya wao nilikosa kuja kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa ofisini inasubiri kibali, na kiangazi hatufungi, maana wazazi wanalipia darasa la kiangazi. Safari hii sikosi.

Kring mpake mafuta ya nazi kichwani. Yale ya dukani yanamwasha.

Mdogo wako,
Jovelyn


Pandan, Ufilipino, 9 Juni 2024

Inday,

Mdogo wangu, barua yako imetembea siku thelathini na nane. Ungeitupa baharini ingewahi. Sisi wazima. Jogoo mzima pia, kwa bahati mbaya. Kring ameng'oka jino la mbele. Alilirusha juu ya paa ili panya amletee jipya, likadunda likaangukia kwenye ndoo ya maji ya Ambo, na Ambo alikuwa anakunywa. Hatujui liko wapi sasa. Tunasubiri.

Jumatatu ni sawa. Padri amefurahi, anasema Jumatatu hana hata mazishi. Nguruwe ameshachaguliwa, na wanawake wa kwaya wameanza kugombana nani ataimba wakati wa pete.

Sasa kaa chini. Ambo amepata kazi ya ufundi kwenye kiwanda cha barafu Puerto Princesa, kisiwani Palawan. Kazi ya kudumu, na nyumba juu. Tunapanda meli tarehe kumi na nne Oktoba na nyumba hii tunaifunga. Tangu Nanay, mama yetu, afariki, unajua hapa hakuna mtu mwingine wa kumwachia mtoto.

Kring hajui, na mimi sitamwambia. Nimeshamwambia mengi kwa niaba yako: Mama amechelewa, Mama ana mafua, leo huko kwa Mama si Jumapili. Hili utamwambia mwenyewe, umekaa mbele yake, anakuona uso. Ama unamchukua, ama unarudi, ama anakuja nasi Palawan. Lakini akija nasi, Inday, haji kuhifadhiwa kama samaki kwenye barafu halafu wewe uje umtoe siku unayotaka. Anakuja kukaa.

Ananiita Nanay, unajua. Sikumfundisha.

Nijibu.

Merlinda


Luoyang, Jumapili 21 Julai 2024

Manang,

Pole na jino, na Ambo mpe pole zaidi. Hapa joto limetushika koo. Darasa la kiangazi lina watoto kumi na tisa, na kila siku mmoja anajikojolea juu ya mguu wangu, kwa zamu, kama wamepangiana ratiba. Leo ni Jumapili ya kweli, ndiyo maana naandika. Asubuhi nilimwona Kring kwenye simu na lile pengo lake. Amekuwa mkubwa. Umemnyoa nywele za mbele wewe, au kajinyoa?

Kuna neno baya. Jumatatu ya tarehe thelathini haiwezekani. Kosa ni langu na la kalenda ya duka la tambi. Chini ya kila tarehe wao wanaandika vialama vidogo vidogo vya mwezi wao: siku ya kupanda, siku ya kuhama nyumba, siku ya kukata nywele. Mimi sivisomi. Jumapili ya tarehe ishirini na tisa ilikuwa na kialama kimoja cha ziada pembeni. Nikadhani ni mambo ya nywele. Bi Qiao akaweka kidole. "Hiki kinasema kazi."

"Jumapili?"

"Ijumaa. Jumapili hiyo ni Ijumaa."

"Na Jumatatu inayofuata?"

"Ni Jumatatu," akasema, kama anayejivunia.

Basi nikamwomba ruhusa ya siku zote mbili. Akasema ruhusa haiungwi na sikukuu, ndiyo sheria ya mkuu wa shule. Mwaka jana mwalimu wa muziki aliomba, bibi yake alikuwa amefariki.

"Mkamkatalia?"

"Tulimwambia bibi angesubiri tarehe moja."

Hakucheka, Manang. Nilimtazama nione kama atacheka.

Nitaondoka hapa usiku wa Jumatatu, nifike kwako tarehe moja jioni. Tarehe saba lazima niwe njiani kurudi. Chagua siku yoyote kuanzia mbili mpaka sita. Mwambie padri nimepiga magoti, na nguruwe mwambie ameongezewa siku za kuishi.

La Kring nimelisoma. Nimelisoma mara nyingi. Nitajibu.

Jovelyn


Pandan, 2 Agosti 2024

Inday,

Sijapata barua kutoka kwako, lakini sihitaji. Jumapili ile Kring alikuuliza kwenye simu, "Mama, unakuja ile Jumatatu ya harusi?" ukakohoa. Tangu ukiwa na miaka saba, ukikohoa hivyo ujue kuna sahani imevunjika mahali.

Kwa hiyo nimehamisha mwenyewe, usihangaike. Harusi ni Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba. Sikukuu yenu itakuwa imeisha, hakuna wa kukunung'unikia. Njoo Ijumaa, Jumapili urudi. Jumamosi ni Jumamosi, hata kwa Wachina. Kadi zimeshachapwa, na jina la Ambo safari hii wamelipatia.

Ukishindwa, si neno. Kazi ni kazi. Kring tutamweleza taratibu. Ambo alimwonyesha picha za Palawan akauliza kama kuna shule, nikamwambia ipo, inaonekana kutoka dirishani. Akauliza kama kuna jogoo. Nikamwambia hakuna. Alifurahi.

Mimi mzima, mgongo tu.

Manang wako


Luoyang, Jumapili 25 Agosti 2024

Manang,

Salamu kwenu, na pole ya mgongo. Barua zetu zimepishana njiani kama watu waliogombana. Hii nampa Roderick, mwalimu mwenzangu, anarudi Iloilo keshokutwa. Atakuletea mkononi. Mpe chai, usimuulize kama ameoa.

Manang, kwenye mwaka mzima wenye siku mia tatu na zaidi, umechagua Jumamosi ile ile ambayo ni Jumatatu. Tarehe kumi na mbili ni siku ya kufidia. Sikiliza ratiba yangu uone kama ni ya watu wazima: nafanya kazi siku sita, napumzika tatu. Nafanya tatu, napumzika mbili. Nafanya tano, napumzika moja. Nafanya mbili, napumzika saba. Nafanya tano tena, napumzika moja. Hata wapishi wa hapa, wenyeji, wameibandika jikoni na kuichorea uso unaolia. Na ingekuwa Jumamosi ya kawaida, kutoka hapa mpaka Pandan ni ndege tatu na basi moja. Ningefika nikukute umeshakuwa mke wa mtu na mifupa ya nguruwe imeshaoshwa.

Kwa hiyo nasema mara moja. Nafika tarehe moja, naondoka tarehe saba. Ukitaka mdogo wako awepo, funga ndoa kati ya hapo. Usipotaka, funga siku unayopenda, nitakuombea heri kutoka kwenye Jumatatu yangu. Ila mimi tarehe moja nakuja, kwa sababu ya Kring.

Nakujibu sasa. Hapa kila siku napangusa makamasi ya watoto wa watu. Nawavua viatu kabla ya kulala mchana, nawavisha, najua nani halali bila kushikwa sikio. Wangu sijui analalaje. Wewe ndiye unajua. Hilo nakushukuru na nitakushukuru mpaka nife, lakini sitakulipa kwa kukupa mtoto.

Nimezungumza na Bi Qiao. Nilidhani atanipa sheria nyingine. Akafunga mlango.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Wangu ana minne. Yuko kijijini kwa mama yangu, saa nane kwa treni. Namwona sikukuu hii na Mwaka Mpya." Akavuta droo, akatoa fomu. "Mtoto wa mwalimu anasoma hapa bure. Kibali chake kinataka pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na subira. Lete pasipoti, mengine niachie mimi."

Kwa hiyo hivi: nitakapokuja kwa Mwaka Mpya wao, mwisho wa Januari, nitamchukua. Kabla ya hapo haiwezekani. Nakuomba ukae naye Palawan miezi mitatu na siku kidogo. Miezi mitatu, Manang. Si kukaa. Kunisubiri.

Najua ulivyosema kuhusu samaki na barafu. Kasirika, una haki. Lakini Kring ni wangu.

Jovelyn


Pandan, 8 Septemba 2024

Inday,

Roderick amefika na barua. Hajaoa.

Harusi ni Alhamisi tarehe tatu Oktoba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, pamoja na misa ya kila siku ya wale bibi wanne wasiolala. Padri hana nafasi nyingine na amesema nikihamisha tena atanizika badala ya kuniozesha. Kadi nimezisahihisha kwa kalamu. Kwaya imekataa kuamka. Nguruwe hakuulizwa.

Kring anajua unakuja. Ameanza kukaa getini, nikamwambia bado wiki tatu, akasema anajizoeza.

Merlinda


Luoyang, Jumamosi 12 Oktoba 2024, ambayo ni Jumatatu

Manang,

Natumaini mgongo umepoa na mizigo imefungwa. Nimefika salama, na yule samaki mkavu uliyenifungia amefika salama zaidi yangu. Afisa wa uwanja wa ndege alifungua begi, akanusa, akafunga. Sasa hivi watoto wamelala mchana, nami naandika nimekaa kwenye kiti chao, magoti yangu yamefika masikioni.

Ulipendeza. Sikukwambia pale kwa sababu ulikuwa unanikwepa. Ambo alivyolia mbele ya bibi wanne mpaka mmoja akampa leso! Nikasema huyu mwanamume mwache aende na dada yangu hata kwenye nchi ya barafu.

Hujaniuliza nilimwambia nini Kring. Ulituona tumetoka Ijumaa, ukatuona tumerudi, ukauliza kama tumekula. Basi nakwambia. Tulikaa kwenye kile kibanda cha barafu ya kukuna, pembeni ya soko. Nikamwambia yote. Nanay na Tiyo Ambo wanahamia Palawan. Utaenda nao. Mwezi wa kwanza nitakuja kukuchukua, tukae wawili, usome shuleni kwangu. Alikuwa anachimba yale maharage ya sukari yaliyo chini ya barafu kwenye glasi. Akasema, "Anayeolewa ni Nanay, mbona anayehama ni mimi?"

Nikasema tu, "Ndiyo."

Akaendelea kula. Halafu akauliza, "Huko na mimi nitakuita Mwalimu, kama wale wa kwenye simu?" Nikamwambia darasani utaniita Mwalimu, tukifika mlangoni utaniita Mama. Akafikiri. "Basi sitaingia darasani. Nitakaa mlangoni." Nililia hapo hapo, na mwenye kibanda akadhani barafu imeniuma meno.

Manang, nilikuachia karatasi yenye saini yangu na muhuri wa mwanasheria, ya kumwombea Kring pasipoti. Iko kwenye droo, chini ya zile kadi za harusi ulizosahihisha. Ofisi ya pasipoti ipo Puerto Princesa. Bila pasipoti Bi Qiao hawezi kuanza. Nilipokuonyesha ulisema "mm." Mpaka uwanja wa ndege ulikuwa unasema "mm."

Sitakupigia kulisema hili Kring akiwa mapajani mwako. Naandika, na nasubiri. Ukiipeleka, nitajua wewe ni wangu. Usipoipeleka nitakuja mwenyewe kuipeleka, hata kama nitafukuzwa kazi, na bado utakuwa Manang wangu, ila hatutaongea kwa muda.

Wanaamka. Mmoja ameshalowesha.

Jovelyn


Puerto Princesa, 10 Novemba 2024

Inday,

Barua yako ilienda Pandan kwanza, ikakuta nyumba imefungwa, posta wakaileta huku. Sisi wazima. Nyumba ina madirisha matatu, na shule kweli inaonekana, sikumdanganya. Ambo anarudi jioni mikono imekufa ganzi, anaiweka shingoni mwangu makusudi. Kring ana marafiki wawili na adui mmoja.

Nina jambo la kukwambia, na afadhali liwe kwenye karatasi, maana ningelisema kwa mdomo ungeniona uso.

Ile Jumamosi ya tarehe kumi na mbili nilijua.

Mwenye duka la simu pale Pandan ana dada anayefundisha Hangzhou, huko huko China. Mwisho wa Julai, ulipokohoa, nilimwomba amuulize dada yake ni Jumamosi gani ya Oktoba ambayo walimu hawatoki. Akanionyesha kwenye simu yake, ina alama. Siku hiyo hiyo nikaenda kwa padri. Nilikuwa nimekataa kumwambia Kring mimi, nikasema utakuja umwambie. Halafu nikakaa nikaona ukija utamchukua. Nikaona usipokuja, hakuna atakayekuwa amemnyang'anya mtu. Itakuwa tu kazi imekubana. Mpaka kadi nilichapa haraka ili tarehe isirudi nyuma. Nilikuandikia "Jumamosi ni Jumamosi", nikafunga bahasha nikaenda kupika wali. Ndicho kinachonisumbua zaidi.

Uliposema nifunge siku ninayopenda ila wewe unakuja, nilikaa jikoni muda mrefu. Ambo akauliza nini, nikasema kitunguu. Hatukuwa na kitunguu.

Sikuombi unisamehe leo. Nisamehe ukipata nafasi kwenye hiyo ratiba yenu.

Alhamisi nilimpeleka Kring kwenye ofisi ya pasipoti. Nilimvalisha lile gauni alilovaa harusini na viatu vya shule. Mpiga picha akamwambia afunge mdomo, akafunga mpaka macho yakatoka, tukarudia mara tatu. Kisha tukaingia kwa karani, mwanamke wa umri wangu, anatafuna karanga. Akachukua karatasi yako, akaisoma, akamtazama Kring aliyekuwa amenishika sketi na kuniita Nanay, Nanay, tazama kiti kinazunguka. Karani akainua kalamu.

"Wewe ndiye mama yake?"

Kring akaacha kuzungusha kiti. Akanitazama, anasubiri aone nitasema nini.

"Hapana," nikamwambia. "Mama yake yuko kazini. Anakuja Januari."

Manang wako,
Merlinda